Wiki Sita Bila Mtungi: Kujiuguza Nyumbani Baada ya Kuundiwa Titi Upya

Ukitoka hospitali baada ya kuondolewa titi lenye saratani na kuundiwa jingine, utaambiwa usinyanyue kitu kizito kwa wiki sita hivi. Kwa mwanamke wa kaunti ya Nyamira sharti hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana kwenye karatasi. Mtungi wa maji wa lita 20 una kilo 20. Kikapu cha majani chai hubebwa mgongoni na kupandishwa mlima hadi kituo cha kuuzia. Ugali wa wimbi husongwa kwa nguvu ya bega na kifua, kifua kile kile kilichoshonwa juzi. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kazi, kabla ya dawa na kabla ya kidonda. Kazi zinazorudiwa mapema mno zinaweza kufumua katika asubuhi moja kile ambacho mpasuaji alikishughulikia saa nyingi.

Saratani ya matiti ndiyo yenye wagonjwa wapya wengi zaidi nchini Kenya. Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kwa mwaka 2020 yalikuwa wagonjwa wapya 6,799. Wengi wanaopasuliwa huondolewa titi bila kuundiwa jingine, kwa sababu ya gharama na kwa sababu wapasuaji wa kuunda viungo wengi wako Nairobi. Kama wewe ni mmoja wao, usiweke makala haya kando. Mpira wa kutolea majimaji, mkono, mzigo na dalili za hatari ni mambo yako pia.

Gawa kazi kabla hujalazwa

Keti na mume wako, watoto wakubwa na shemeji zako kabla ya siku ya kulazwa. Taja kila kazi kwa jina lake na umtaje wa kuifanya: nani atachota maji, nani atakamua ng'ombe, nani atasonga ugali, nani atafua na kukamua nguo, nani atambeba mtoto mdogo. Ukiulizwa kazi ipi unaweza kubaki nayo, jibu ni hakuna kwa wiki mbili za kwanza, kisha zile za kukaa tu, kama kuchambua mboga ya chinsaga au kuchagua maharagwe mezani. Kusema tu "tutasaidiana" hakutoshi. Wiki ya kwanza watasaidiana, ya pili watachoka, na ya tatu utajikuta umeshika mtungi.

Chai ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu ndiyo ada ya shule na ndiyo bonasi. Zungumza mapema na mchumaji wa kulipwa, hasa kama siku zako zitaangukia mvua, majani yanapokua upesi. Najua inauma kutoa fedha kwa kazi uliyozoea kuifanya mwenyewe. Lakini kurudishwa chumba cha upasuaji ni ghali kuliko malipo ya mchumaji wa mwezi mmoja na nusu, na hakuna kiwanda, kiwe Sanganyi, Tombe au Gianchore, kitakachokulipa fidia ya kidonda kilichofumuka.

Kabla ya kuruhusiwa, muulize mpasuaji swali hili: titi limeundwa kwa kifuko au kwa nyama, na kama ni nyama, imetoka wapi? Jibu litakuonyesha ni mwendo gani hasa uuogope.

Kama umewekewa kifuko cha silikoni, au kifuko cha kutanulia ngozi ambacho hujazwa maji ya chumvi kidogo kidogo kliniki, basi hatari iko katika kusukuma na kuvuta. Misuli ya kifua ikikazwa kwa nguvu, kifuko huweza kuhama au damu kukusanyika kando yake. Kusonga ugali, kusukuma toroli na kujiinua kitandani kwa mikono ndiyo adui wako. Jifunze kuamka kwa kugeuka ubavu ule mzima na kushusha miguu kwanza, huku mtu akikushika mgongoni.

Kama nyama imetoka mgongoni, msuli uliohamishwa ni ule mpana unaovuta mkono chini na nyuma. Ndio unaofanya kazi unapolima kwa jembe, unapopasua kuni na unapovuta kamba ya ng'ombe. Mgongo huo una tabia ya kukusanya majimaji chini ya ngozi hata baada ya mpira kutolewa. Ukiona pamevimba na panacheza kama maji, rudi kliniki wayavute kwa sindano. Na kikapu cha chai hukaa juu ya kovu lenyewe, kwa hiyo usikirudie hadi mpasuaji aliyekupasua akuruhusu, hata wiki sita zikiwa zimekwisha.

Kama imetoka tumboni, ukuta wa tumbo umeguswa, na kunyanyua mapema kunaweza kuleta ngiri. Siku za kwanza utatembea umeinama kidogo. Usijinyooshe kwa nguvu ili uonekane umepona. Ukitaka kukohoa au kucheka, kumbatia mto tumboni kwanza. Halafu kuna jambo ambalo karatasi za hospitali mara nyingi hazilitaji: choo cha shimo. Kuchuchumaa na tumbo lililoshonwa ni maumivu, na kuinuka kutoka hapo ni hatari zaidi. Kabla hujarudi nyumbani, mwambie fundi atoboe kiti imara katikati, kiwekwe juu ya tundu. Usiku tumia ndoo ndani ya nyumba. Njia ya chooni wakati wa mvua huteleza, na kuanguka ni jambo la mwisho unalolihitaji.

Safari ya kurudi

Kutoka Nairobi hadi Keroka au Nyamira mjini ni kilomita zipatazo 300. Omba kiti cha mbele, na mwambie dereva tangu mwanzo kuwa mtasimama. Narok na Bomet ni vituo vizuri. Shuka utembee dakika chache, maana kukaa muda mrefu baada ya upasuaji huweza kugandisha damu miguuni. Funga mkanda wa gari, ukiweka leso iliyokunjwa au mto mdogo kati yake na kifua. Kipande cha mwisho, kutoka lami hadi nyumbani, kisiwe cha boda boda wala Probox iliyojaza watu. Ni afadhali gari la jirani liendalo polepole.

Mpira na daftari

Utaondoka na mpira mmoja au zaidi uliotoka chini ya ngozi na kuingia kwenye chupa. Kazi yake ni kutoa damu na majimaji yasijikusanye. Usiuogope, ila uuheshimu. Asubuhi na jioni, msaidizi wako anawe mikono kwa sabuni, afungue kifuniko, amimine kwenye kipimo, aminye chupa hadi itoe hewa kisha aifunge ikiwa bado imeminywa. Isipominywa haivuti. Chupa ngumu zisizominywa hubadilishwa na wahudumu wa afya, kwa hiyo uliza yako ni ya aina gani kabla ya kuondoka wodini.

Nunua daftari la shule. Andika tarehe, saa, mililita na rangi. Siku za kwanza majimaji huwa mekundu, kisha hupauka, kisha huwa ya manjano. Hospitali nyingi hutoa mpira pale kiasi kinaposhuka chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku mbili mfululizo, na huenda ikachukua wiki moja hadi tatu. Daktari atakayekuona hatakuwa na njia nyingine ya kujua kilichotoka ukiwa nyumbani, na daftari hilo ndilo litakaloamua mpira utoke leo au ungoje.

Chupa isining'inie. Fundi wa cherehani anaweza kushona mifuko miwili ndani ya gauni linalofunguka mbele. Wakati wa kujifuta mwili, ifunge kwa kamba laini shingoni. Watoto wadogo huvuta kila kinachoning'inia, basi walale chumba kingine kwa siku hizo. Hadi mpira utoke, osha mwili kwa kitambaa na beseni, kidonda kibaki kikavu.

Juu ya kidonda usipake kitu ambacho hospitali haikukupa: asali, majivu, majani yaliyotwangwa, mafuta yaliyoombewa. Najua vinaletwa kwa upendo. Pokea, shukuru, viweke kabatini. Dawa za mitishamba za kunywa nazo ziache, na umweleze daktari ulizokuwa ukitumia, maana baadhi huzuia damu kuganda.

Ngozi isiyosikia moto

Hapa nataka usome polepole. Titi jipya mara nyingi halina hisia. Mishipa ya fahamu ilikatwa, na ngozi iliyohamishwa kutoka mgongoni au tumboni inaweza kukaa na ganzi kwa miezi, pengine miaka. Usiku wa Nyamira ni wa baridi, na Borabu baridi zaidi, na mtu aliyetoka kupasuliwa huhisi baridi kuliko wengine. Atasogezewa jiko. Atapewa chupa ya maji moto aikumbatie. Ataketi karibu na mafiga. Ngozi itaungua na yeye hatasikia lolote hadi malengelenge yaonekane. Majeraha ya namna hii yameandikwa na madaktari wa nchi nyingi, na ni ya kusikitisha kwa sababu yote yangeweza kuzuiwa.

Basi jipashe joto kwa mablanketi, soksi na sweta linalofungwa mbele. Chupa ya maji moto iwe miguuni, kamwe isiwe kifuani, mgongoni wala tumboni penye kovu. Maji ya kuoga yapimwe na mtu mwingine. Jiko la mkaa lisiingizwe chumba cha kulala kilichofungwa, kwa sababu ya hewa yake ya sumu.

Kama nyama ilikatwa kabisa na mishipa yake midogo ya damu ikaunganishwa upya kwa darubini, kuna masharti zaidi. Sigara na ugoro ni marufuku kwa wote, na kwako zaidi, kwa kuwa nikotini hubana mishipa na kuinyima nyama damu. Moshi wa sigara ya mtu mwingine nao una madhara. Wapo wapasuaji wanaokataza pia kafeini kwa wiki kadhaa. Kukataza chai katika nyumba ya mkulima wa chai ni neno zito, kwa hiyo muulize mpasuaji wako waziwazi: chai ya maziwa ninywe au nisinywe? Akikataza, uji wa wimbi utakufaa vizuri.

Kila asubuhi na jioni simama penye mwanga wa dirisha ulitazame titi jipya. Tazama rangi ukilinganisha na jana, kisha gusa kwa nyuma ya kiganja. Ikigeuka zambarau au nyeusi, au ikapauka isivyo kawaida, au ikawa baridi na ngumu ilhali jana ilikuwa laini, hilo ni la kupelekwa hospitali saa hiyo hiyo.

Kulala, kula, maumivu

Lala chali, kichwa na mgongo vikiwa vimeinuliwa kwa mito. Aliyetolewa nyama tumboni aweke mto chini ya magoti pia. Sidiria yenye waya iache hadi uambiwe.

Paracetamol ya miligramu 500, vidonge viwili kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku, ndiyo kipimo cha kawaida cha mtu mzima. Angalia dawa za mafua usije ukaimeza mara mbili. Usijinunulie aspirini wala diklofenaki dukani. Dawa kali za maumivu hufunga choo, na kujikaza chooni huumiza tumbo lililoshonwa: kunywa maji mengi, kula papai, parachichi na mboga. Kidonda hujengwa kwa protini, na Nyamira haina upungufu wake: maharagwe, mayai, maziwa, omena, chinsaga iliyolazwa kwenye maziwa. Dawa zako za kila siku, za presha, za sukari au za kupunguza makali ya virusi, usiziache bila amri ya daktari.

Mkono

Hofu huwafanya wengi wafunge mkono kifuani kama uliovunjika. Bega likigandishwa wiki chache tu, kulifungua huchukua miezi. Tangu siku za kwanza kunja na kunjua vidole na kiwiko, zungusha mabega taratibu, shika kikombe chako mwenyewe. Kiwiko kisipite usawa wa bega hadi mpira utoke na mpasuaji akuruhusu. Akisharuhusu, simama ukiutazama ukuta, tembeza vidole kupanda juu, na utie alama ya mkaa ulipofika. Kesho jaribu kuipita kidogo. Kuna sababu kubwa ya kufanya hivi: ukihitaji tiba ya mionzi, utalazwa na mkono ukiwa umeinuliwa juu ya kichwa, na bega lisiloinuka huchelewesha tiba hiyo. Nywele zisukwe kabla ya kulazwa, kwa maana kuketi kusukwa saa nne na mkono mgonjwa ni adhabu.

Kama ulitolewa tezi za kwapani, mkono wa upande huo unaweza kuvimba, hata miaka baadaye. Katika zahanati yoyote mwambie muuguzi atumie mkono mwingine kwa sindano na kipimo cha presha. Ukirudi shambani vaa glavu, hasa kwenye chai iliyopogolewa ambayo visiki vyake huchoma. Mchubuko uoshwe mara moja. Mkono ukiwa mwekundu na wa moto, unahitaji dawa siku hiyo hiyo.

Wageni, na nani akuone kifua

Wageni watakuja, na Jumamosi baada ya ibada ya Sabato watakuja wengi. Waambie mapema kupitia jirani au mzee wa kanisa: salamu kwa mkono ule mzima, hakuna kukumbatiana, mwenye mafua asubiri. Na anayetaka kusaidia aje na mtungi wa maji au mzigo wa kuni. Waumini watano wanaochota maji mara moja wamefanya jambo kubwa kuliko kreti ya soda.

Swali gumu ni nani abadilishe bendeji. Mila ya Kigusii ya chinsoni huweka haya na mipaka kati ya kizazi na kile kinachofuata, mama na mwanawe wa kiume, mkaza mwana na baba mkwe, ilhali nyanya na mjukuu wana uhuru zaidi kati yao. Usiipuuze wala usiifanye kikwazo. Chagua mapema dada yako, mke mwenza au mjukuu wa kike aliyekomaa, na aje wodini muuguzi amwonyeshe. Mume naye anaweza, na wengi hufanya vizuri wakifundishwa. Mume, mke wako akikuonyesha kovu, tazama. Akiona umegeuza uso, hatalionyesha tena, na kidonda kitakachooza kitaoza kwa siri.

Mara ya kwanza ukilitazama unaweza kulia. Titi litakuwa limevimba, limekaa juu kuliko lenzake, halina chuchu. Umbo hutulia kwa miezi, na chuchu huundwa baadaye ukiitaka. Ambaye hakuundiwa titi si pungufu. Kuna matiti ya kuvaa yaliyofumwa kwa uzi, na katika mji wa Thika yupo mshonaji aliyepona saratani anayeyafuma kwa ajili ya wenzake. Na atakayenong'ona kuwa umerogwa, mwambie ulikuwa na uvimbe, umetolewa, na matibabu yanaendelea.

Usingoje asubuhi

Andika haya ukutani, karibu na namba ya simu ya wodi na ya mwenye gari aliyekubali kuamshwa usiku: homa ya nyuzi 38 au zaidi, kidonda chekundu, cha moto, chenye usaha au harufu, titi linalovimba ghafla na kukaza, chupa inayojaa damu mbichi upesi, rangi ya titi kubadilika, mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu lake, kifua kubana au pumzi kukatika. Hayo mawili ya mwisho huenda ni damu iliyoganda, na huua haraka. Nenda hospitali ya rufaa ya kaunti Nyamira au ya Kisii, ile iliyo karibu, na wakishakuhudumia waombe wampigie mpasuaji wako. Beba karatasi ya kuruhusiwa. Hakikisha usajili wako wa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, uko sawa kabla ya kupasuliwa, si usiku wa dharura. Kama huna kipimajoto, mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako aombwe apite kukupima.

Na siku ya kliniki nenda, hata kama kidonda kimekauka na chai imekua. Siku hiyo ndiyo utakayosomewa majibu ya uvimbe uliotolewa, na hayo ndiyo yataamua kama unahitaji kemo, mionzi au vidonge vya kumezwa kwa miaka. Beba daftari lako, na nenda na mtu wa kukusikilizia.